Kiti cha Orpah

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Migori.

Krrrr. Miguu ya kiti juu ya saruji. Sauti hiyo moja haijanitoka kichwani tangu Jumatano iliyopita. Naisikia nikipiga mswaki. Naisikia nikitafuna. Orpah alirudi kazini kutoka kumzika mama yake, akatusalimu sote kwa jumla, akashika kiti chake kilichokaa kando ya changu miaka mitatu, akakiburuta ofisi nzima hadi mezani kwa Levi. Hakukiinua. Angeweza kukiinua. Ni kiti cha plastiki!

Na kwa Levi! Mtu anayetafuna njugu huku akihudumia wateja. Mtu anayekukatiza katikati ya sentensi ili akueleze timu yake ilivyofungwa.

Lazima nielewe. Katika ofisi hii ya chama cha wakulima wa miwa, ni mimi peke yangu mwenye shahada ya mawasiliano. Ni mimi niliyechaguliwa na meneja wetu, Bwana Javan, kwenda Homa Bay mwezi uliopita kwenye semina ya Stadi za Mawasiliano Kazini na Nyumbani. Levi anasema sikuchaguliwa, nilipelekwa, kama gari linavyopelekwa gereji. Wivu. Cheti changu kiko ukutani.

Na Orpah nilimtendea sawasawa kabisa. Alinipigia simu siku ile ya kwanza ya semina, wakati wa chai. Akasema, Lyn, mama ameenda. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kujifunza Kurudisha Maneno, somo bado la moto. Sikubabaika. Nikamwambia kwa sauti tulivu: ninachosikia ukisema ni kwamba mama ameenda; je, jambo hilo linakufanya ujisikie vipi? Kimya. Kocha Jacktone, mkufunzi wetu, alikuwa ametuonya tusikimbilie kujaza kimya. Sikukijaza. Kikawa kirefu, kikawa kizuri. Kisha simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Mazishini kule Gucha sikwenda. Yaliangukia siku ya kukabidhiwa vyeti. Lakini nilituma ujumbe mrefu, wenye aya na hitimisho.

Sasa mpango: kumrudisha Orpah kando yangu. Sina rafiki mwingine mjini hapa. Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama. Ni kweli. Sina.


Jumanne, 9 Septemba 2025

Mbinu ya kwanza: Kioo cha Mwili. Unaiga mkao wa mwenzako, polepole, mpaka moyo wake uhisi kwamba mko pamoja. Kocha Jacktone anasema hata watu waliogombania shamba huanza kucheka.

Orpah akaegemeza shavu kiganjani. Nami nikaegemeza. Akakunja mikono. Nikakunja. Akatazama dirishani kwa muda mrefu, kule malori ya miwa yanakopita. Nikatazama. Ilikuwa inafanya kazi! Kisha akatoa leso akajifuta macho. Nikatoa yangu, nikajifuta.

Levi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mlinzi: nyar Karungu (ndivyo anavyoniita, binti wa kwetu Karungu), siku hizi unaigiza wafiwa? Ofisi nzima ikageuka. Bwana Javan akatoa kichwa mlangoni kwake, akakirudisha.

 Orpah aligeuza kiti, mgongo kwangu. Krr. Fupi kuliko ile ya kwanza. Nachukulia kuwa ni hatua.


Jumatano, 10 Septemba 2025

Siku mbaya. Nilitaka Orpah anione nikiwa kazini, nikitumia stadi. Akaja Mzee Machuki, mkulima wetu, kofia mkononi, hasira mdomoni. Miwa yake imekatwa, imelala shambani, inakauka, na trekta la chama halijaonekana. Nikamtazama machoni. Nikamwambia: ninachosikia ukisema, mzee, ni kwamba miwa yako inakauka. Akasema ndiyo, inakauka! Nikamwambia: na nasikia kwamba trekta halijaonekana. Akanikazia macho. Akauliza, mjukuu wangu, mimi nimekuja ofisini au nimekuja kupiga kelele pangoni?

Levi alipaliwa na njugu.

Nilipofika kwenye swali la anajisikia vipi, mzee aliacha kugomba. Akawageukia wateja kwenye benchi na kuwauliza kwa huzuni kama mtoto huyu ana wazazi. Orpah akainuka, akamwambia pole baba, akamkalisha na kumpigia simu dereva wa trekta. Basi. Hakuna mbinu yoyote. Mzee akaondoka akimwombea baraka.

Alipopita mezani kwangu Orpah alipunguza mwendo. Nadhani alitaka kucheka. Zamani tungecheka pamoja mpaka Bwana Javan agonge ukuta. Nilifungua mdomo kumwomba maoni kuhusu utendaji wangu. Akapita.


Alhamisi, 11 Septemba 2025

Zawadi! Jana jioni nilimpigia Mama kule Karungu anitafutie samaki wa kupatana na mtu. Mama hakuuliza mengi. Leo asubuhi dereva wa matatu akaniletea furushi: mumi wawili, kambare wa kukaushwa kwa moshi, wanene, weusi, wamekunjwa duara mkia mdomoni kama bangili. Harufu ilitangulia mlangoni. Nikawaweka mezani kwa Orpah, nikarudi nyuma hatua, nikatabasamu kwa kiasi.

Orpah aliwatazama samaki. Akanitazama. Akauliza kwa upole kama najua yeye ni dhehebu gani.

Bila shaka najua. Msabato!

Akaniuliza kama nimewahi kumwona akila samaki asiye na magamba.

Levi alipiga meza. Akasema uuuwi, nyar Karungu, miaka mitatu mnakula chakula cha mchana pamoja, ulikuwa unatazama nini? Hata paka wa hoteli ya hapo chini anajua Orpah hagusi mumi. Kisha akawachukua wote wawili, akasema wasitupwe, ni dhambi.

Nilikuwa natazama nini? Nimejiuliza mchana kutwa. Nakumbuka nilikuwa nazungumza. Nakumbuka vizuri sana nilichokuwa nasema.

Nimempigia Mama kumlalamikia. Akasikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu: ulipoenda kwa mwenzako, ulilia? Nikamwambia sijaenda.  Akasema, nyara, binti yangu, mtu hatumiwi samaki kabla ya kuliliwa. Uende ukalie. Uanzie njiani, usingoje kufika mlangoni. Kwetu wewe si mgeni wa hayo.

Kulia! Lugha ya mwili, sauti, na mahali, vyote kwa pamoja. Kwa nini Kocha Jacktone hakulitaja?


Jumamosi, 13 Septemba 2025

Sijui niandike vipi.

Orpah amepanga chumba katika ploti moja mtaani Oruba. Nilijifunga leso kiunoni, nikavua viatu kwenye kona ya kinyozi. Mikono kichwani. Nikaanza. Mwanzoni nilikuwa najisikia mwenyewe, napima sauti kama ipo juu vya kutosha. Nikamwita marehemu kama tunavyowaita kwetu: Min Orpah! Mama Orpah oo! Umetuachia nani! Kinyozi akazima mashine. Watoto wakanifuata. Mama mmoja akatoka mbio na mwiko mkononi akiuliza ni nani tena amekufa, na mwenye ploti akauliza kama ni mpangaji wake na kama amelipa.

Nilikuwa nimesahau ni Sabato. Chumba cha Orpah kilijaa akina mama wa kanisa, Biblia zimefunguliwa mapajani, wako katikati ya sala. Walinikodolea macho. Wao hulia kwa utaratibu.

Lakini nilipofika kwenye kamba ya kuanikia nguo, kitu kikatokea ambacho sikukipanga. Nilizikumbuka ndizi. Kila Orpah alipotoka kwao Gucha alikuja na vichane viwili, kimoja chake, kimoja mama yake alikifunga mbali kwa majani na kusema hiki ni cha yule binti wa ziwani. Hatukuwahi kuonana mimi na mama yule. Alinifungia ndizi miaka mitatu. Na ghafla sauti iliyokuwa ikinitoka haikuwa yangu tena, ilikuwa kubwa, ya kuchukiza, ikanibwaga chini kwenye changarawe.

Orpah akatoka miguu mitupu. Akapiga magoti. Akanikumbatia, naye akalia. Nilisikia mama mmoja wa kanisa akimwambia mwenzake, ashukuriwe Mungu, tangu arudi hajalia huyu. Kichwa chake kilikuwa kizito begani mwangu. Tuliyumba. Sikuwa na neno hata moja. Sijui tulikaa hivyo muda gani.

Kisha nikakumbuka. Kocha Jacktone huita nafasi ya namna hii Dirisha. Mioyo imefunguka, na Dirisha likifunguka usipouliza litafungwa. Basi nikauliza. Nikamnong'oneza sikioni: kwa kipimo cha moja hadi tano, unajisikia umesikilizwa kwa kiasi gani?

Kichwa kikainuka begani.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeondoka na gari, bado unamwona kwenye kioo. Akachukua pindo la leso yake akanifuta uso, mimi, si yeye. Akasema, Lyn, nenda nyumbani.

Nilirudi kuchukua viatu. Kinyozi alikuwa amevitunza ndani. Akaniambia pole sana dada, mama alikuwa mgonjwa muda mrefu? Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nimefikiri mno kuhusu kosa liko wapi. Nadhani ni kipimo. Moja hadi tano ni kipana mno kwa mfiwa. Ningesema moja hadi tatu.


Jumapili, 14 Septemba 2025

Mama amepiga. Anataka kujua ilikuwaje. Nikamweleza yote, pamoja na kipimo.  Akauliza kama nimekula. Nikamwambia anakwepa mada. Akasema si mada, ni chakula.

Halafu akaniambia jambo bila kuulizwa. Kwamba Baba alipofariki, Orpah alikuja Karungu, akafika kabla ya jamaa wengine, akaingia jikoni kusugua masufuria na hakutoka mpaka matanga yakaisha. Akaniuliza: alikuambia nini siku zile?

Nimejaribu kukumbuka. Naikumbuka mikono yake imejaa masizi hadi kwenye viwiko. Namkumbuka akiniwekea uji, akiuchukua ukiwa umepoa, akiniwekea mwingine. Maneno siyakumbuki. Nadhani hakusema lolote.

Nikamwambia Mama kwamba hata Orpah, basi, ana udhaifu wake katika mawasiliano. Mama akasema salio la simu linaisha. Yeye ndiye aliyepiga, na jana tu nilimwekea salio.


Jumanne, 16 Septemba 2025

Anahama! Bwana Javan ametangaza asubuhi, akizungusha kalamu: Orpah Nyatichi anakwenda tawi la Ndhiwa, ameomba mwenyewe, tumtakie mema, Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Watu wakapiga makofi. Mimi pia. Mikono yangu ilipiga yenyewe.

Levi alijua. Muuza mboga wa langoni, mlinzi, Levi, wote walijua.

Mchana nikamfuata kwenye tangi la maji. Mbinu: Sentensi za Mimi. Bila kumshutumu mtu, unaeleza tu hisia zako. Nikasema: mimi nimeumia kusikia habari hii mbele ya watu. Mimi naona nimeachwa. Mimi nilihitaji kuambiwa kwanza. Mimi nimefanya kila juhudi.

Orpah alikuwa anajaza chupa. Maji yakafurika, yakamlowesha kiatu. Akasema polepole: mimi, mimi, mimi, mimi. Akauliza, Lyn, kwani aliyefiwa ni nani kati yetu?

Nilitaka kumrudishia maneno yake. Namshukuru Mungu nilipaliwa.


Jumatano, 17 Septemba 2025

MUUJIZA. Niandike taratibu.

Kabla ya kufunga ofisi Orpah alikuja mezani kwangu mwenyewe. Akaegemea, kama zamani. Akasema Ijumaa jioni saa kumi pikapu inakuja kubeba vitu vyake. Meza atabeba, masanduku atabeba, lakini godoro linamshinda, halishikiki na mtu mmoja, linapinda katikati. Akasema nije nishike upande mmoja.

Nikauliza kama kuna jambo angependa tuzungumzie wakati huo.

Akasema, godoro.

Nikauliza kama nije na kitu chochote.

Akasema nije na mikono. Akasema, Lyn, usiseme chochote. Tushike godoro, tulitoe nje, kisha tukae juu ya masanduku tunywe chai kabla gari halijaondoka. Ndugu wa Levi ndiye dereva, anapenda kuchelewa, muda utakuwepo. Kumebaki ndizi za nyumbani, dada yake ndiye aliyezituma. Vichane viwili.

Alipoondoka aligusa mgongo wa kiti changu. Hivi tu, kwa vidole. Kiti hakikutoa sauti yoyote.

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi. Mwenye duka kaniuliza kama ninaolewa.


Alhamisi, 18 Septemba 2025

Nitasema nini?

Najua alisema nisiseme. Lakini mtu akikwambia usiseme chochote, kile anachokihitaji kiko chini ya maneno, ndivyo makabrasha ya semina yanavyoeleza, ukurasa wenye picha ya kitunguu. Miaka mitatu. Mama yake. Simu ile. Haiwezekani yote yaachiwe godoro!

Nimeandika hotuba. Nimeichana. Nimeandika nyingine, yenye methali. Nimejaribu kuisema huku nimeshika upande mmoja wa godoro langu mwenyewe, ili nizoee uzito. Godoro likapinda katikati, likaangusha jiko. Uji wote chini. Orpah alisema kweli, halishikiki na mtu mmoja.

Nilipokuwa napangusa, ujumbe ukaingia. Kocha Jacktone! Daraja la pili la semina, mada: Mazungumzo Magumu na Sanaa ya Kuagana. Nafasi moja imebaki. Homa Bay. Kesho.

Nimeusoma nimesimama, kitambaa cha uji mkononi. Sanaa ya Kuagana. Kana kwamba ameona ndani ya chumba changu.


Ijumaa, 19 Septemba 2025. Homa Bay.

Ukumbi mzuri. Dirishani kuna ziwa, na gugu maji limeziba ukingo wote, kijani tupu, unaweza kudhani ni shamba.

Bwana Javan alinisainia ruhusa asubuhi na mapema. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama leo si siku ya Orpah. Nikamweleza kuwa ndiyo sababu hasa. Akasaini polepole, kama mtu anayesaini kwa niaba ya marehemu. Levi alikuwa mlangoni na njugu zake. Hakunitania. Alisema tu: nyar Karungu, godoro halihitaji cheti. Nikamwomba anishikie upande wangu. Akasema upande wako hauna mtu mwingine. Levi hajawahi kusoma chochote kuhusu kugawana majukumu.

Zoezi la mchana lilikuwa Kiti Kitupu. Unaweka kiti mbele yako, unamkalisha mtu wako kwa fikra, unamwambia yote. Nilijitolea wa kwanza. Kiti kilikuwa kando kando, nikakivuta hadi mbele. Krrrr. Darasa zima likageuka. Nikasimama nikiwa nimekishika, mpaka Kocha akaniambia niendelee.

Nikaendelea. Nilikiambia kiti kuhusu ndizi. Nilikiambia kwamba nilipaswa kusema pole, pole tu, basi, na kupanda gari kwenda Gucha siku ile ile. Nilikiambia habari za masizi ya Karungu, na kwamba uji wa tatu ndio niliokunywa. Nililia. Watu wakalia. Wakapiga makofi wamesimama. Kocha Jacktone akasema tangu aanze kufundisha hajashuhudia watu wawili wakisikilizana kiasi kile.

Amenitangaza mfano wa darasa. Amesema niko tayari kwa daraja la tatu, Novemba: Kudumisha Uhusiano na Walio Mbali. Limekuja wakati wake hasa, maana Ndhiwa ni mbali kidogo. Nimeshajiandikisha.

Saa kumi imepita. Pikapu itakuwa imefika Oruba, au ndugu wa Levi amechelewa, na chai bado iko juu ya masanduku. Sijui. Asubuhi kwenye stendi ya Rongo nilimwandikia Orpah ujumbe, mfupi safari hii, bila aya: Ninachosikia ukisema ni kwamba unahitaji msaada wa godoro.

Akaanza kupiga hapo hapo. Jina lake likawaka mkononi mwangu, likazimika, likawaka tena. Lakini Kocha ametuagiza tufike na akili iliyotulia.

Nikaizima simu, ili nije kujifunza kumsikiliza.